Mukojo wa muchimbaji: mashini inasoma nini ndani yake?

Siku ya kupimwa afya kwenye kazi, wanakupatia kachupa kadogo, wanasema: "Enda, ujaze." Wengi wanajaza, wanarudisha, wanasahau. Wengine wanafikiri munganga anatafuta tu kama ulikunywa lutuku. Tumeona inafaa tueleze ule mukojo unaenda wapi, juu ndani yake kuna habari ya nyumba nzima.

Kobalti haibaki kwenye gunia. Inaingia kwa vumbi tunalovuta na kwa bukari tunayokula na maboko ya kazi. Ile iliyoingia mwilini, sehemu kubwa inatoka kwa mukojo kisha siku chache. Lakini ni kidogo sana. Inapimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Mizani ya depo haiwezi hiyo, hata kama ingekuwa mizani isiyoiba.

Mashini inayoweza inaitwa spektrometa ya masi. Mukojo unanyunyizwa ndani ya moto wa gesi ya argoni, moto wa maelfu ya digrii, unaovunja kila kitu mpaka zinabaki atomu zenye umeme. Zile atomu zinasukumwa na kutengwa kufuatana na uzito wao. Kobalti iko na 59, urani 238. Mashini inahesabu tu: za 59 ni ngapi, za 238 ni ngapi.

Sisi wa Katanga tunaijua hesabu hiyo. Mwaka 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya mikojo ya watu wa kwetu, na si wachimbaji peke yao. Kati ya wale waliokaa chini ya kilomita 3 na mugodi ao kiwanda, zaidi ya nusu walipita mikrogramu 15 za kobalti, kipimo kilichowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Watoto walizidi wakubwa. Mwaka 2018 wakatangaza habari ya Kasulo, pale Kolwezi, mtaa ambao watu walichimba hata ndani ya parselle zao: tena, watoto ndio walikuwa na kobalti mingi zaidi. Mutoto hajashuka shimoni. Vumbi ndilo lilimufuata nyumbani, kwenye udongo anaochezea na kwenye nguo za baba.

Lakini metali ni nusu ya habari. Ukijua kobalti imeingia, bado hujajua imefanya nini mwilini. Kwa hiyo watafiti wanasoma pia metaboliti, ndiyo vile vitu vidogo mwili unavyotengeneza na kutupa unapotumia chakula, ao unapopigana na sumu. Hapo wanatumia spektrometa ya namna ingine, isiyounguza kila kitu, pamoja na mashini ya pili, RMN. Hii ni sumaku kubwa, ndugu ya IRM ya hospitali. Unaingiza kichupa ndani ya sumaku, unakipiga na mawimbi ya redio, na atomu za hidrojeni zinajibu, kila moja kwa sauti yake kufuatana na jirani zake. RMN haiharibu mukojo, lakini inasikia vile vilivyo vingi tu. Spektrometa inakamata hata vile vidogo kabisa. Ndiyo maana wanazitumia pamoja. (RMN hiyohiyo inaonyesha minyororo ya plastiki imejengwa namna gani, hata plastiki nyeusi kama ile ya chini ya mabwawa ya asidi.)

Kazi hiyo ya metaboliti ingali kazi ya watafiti. Muntu akikuja sokoni kukuuzia kipimo kinachoonyesha magonjwa yote kwa mukojo mara moja, umuache apite na njia yake.

Kipimo cha kobalti, chenyewe kiko, na wewe unaweza kukiharibu bila kujua. Vumbi kidogo la vidole likianguka ndani ya kachupa, mashini itahesabu vumbi, haitahesabu mwili wako. Kwanza vua nguo za kazi, nawa maboko na sabuni, ndipo ujaze. Usigeuze kifuniko chini juu ya meza. Na kama umetoka kwenye konje ya wiki mbili, umuambie munganga, juu hesabu itakuwa imeshuka. Wakati muzuri ni mwisho wa zamu, mwisho wa wiki ya kazi.

Halafu uombe rezulta. Ni mukojo wako. Kwenye karatasi utafute neno kreatinini: muntu aliyekunywa maji mengi mukojo wake ni mwepesi, na kobalti itaonekana kidogo, lakini wakilinganisha na kreatinini hiyo tofauti inasawazishwa. Kama neno hilo halipo, uliza juu ya nini. Na kama nyumbani kuna mutoto anayelala chumba kimoja na makoti ya shimoni, uliza pia yeye atapimwa wapi.