Anwani Moja Haina Mabwana Wawili

Swali lile lile limenifikia tena, safari hii kutoka Chala, kwa kijana anayetunza kompyuta za ghala la mahindi: je, akizipa seva zote mbili anwani moja ya IP, moja ikizimika, nyingine haitashika kazi yenyewe? Hasha, haitashika, na dawa hii ya kubahatisha, ambayo mafundi hufundishana kana kwamba ni hekima, imekwisha kutuharibia hesabu za kutosha.

Katika mtandao wa ndani, kompyuta inayoitafuta anwani 192.168.10.5 hupiga mbiu ya ARP, kwa kanuni iliyoandikwa tangu mwaka 1982, ikiuliza mwenye anwani hiyo ni nani. Naye mwenyewe hujibu kwa kutaja anwani ya MAC ya kadi yake, na muulizaji huihifadhi kwa muda. Wajibuji wakiwa wawili, jibu la mwisho aghalabu hufuta lililotangulia, hata kompyuta ya mzani ikawa yazungumza na seva ya kwanza ilhali ya karani yazungumza na ya pili, kisha zikabadilishana, na mawasiliano yakakatika pasipo sababu inayoonekana. Fahali wawili hawakai zizi moja. Wala kukatika si hasara kubwa kuliko zote: maadamu kila seva huandika daftari lake, yamkini mkulima mmoja akapewa stakabadhi nambari 451 kwa magunia 20, na mwenzake akapewa nambari iyo hiyo kwa magunia 35; na siku ya malipo hakuna programu itakayoamua ipi ni ya haki.

Anwani haigawanywi, huhama. Kila seva iwe na anwani yake ya kudumu, na ile ya tatu, wanayoijua wateja, ishikwe na moja tu kwa wakati mmoja. Ndiyo kazi ya VRRP, kanuni ya mwaka 1998: seva yenye zamu hutangaza uhai wake kila sekunde, na msaidizi wake akikosa kuisikia kwa sekunde tatu na ushei, huitwaa anwani na kupiga mbiu ya ARP bila kuulizwa, ili swichi na majirani wote wajue imehamia wapi.

Basi fanya hivi. Kwa tovuti, programu ya Keepalived, inayoitekeleza VRRP, yatosha: nambari ya kundi iwe ile ile kwa seva zote mbili, kipaumbele kiwe 150 huku na 100 kule, itifaki nambari 112, ndiyo ya VRRP, iruhusiwe, na hati ndogo ichunguze programu yenyewe, maana seva yaweza kuwa hai ilhali programu imekufa. Kwa hifadhidata, ambayo haihami pamoja na anwani, nakili data kwenye seva ya pili daima, kisha tumia programu za Pacemaker na Corosync, shahidi wa tatu wa kupiga kura, na kifaa cha kuikatia umeme seva inayoshukiwa kabla mwenzake hajatwaa zamu, kwani aliyenyamaza si lazima awe amekufa. Wala usizichomeke seva zote mbili kwenye UPS moja.

Kisha, siku ghala limetulia, chomoa waya wa mtandao wa seva yenye zamu, na baadaye waya wa umeme, uone litokealo. Mfumo usiojaribiwa hivyo usikabidhiwe stakabadhi ya mkulima hata mmoja.