Si Uzee Tu

Mtafiti anapanga njiti chache za kiberiti mezani ziwe umbo fulani, kisha anampa bibi aliyeketi mbele yake njiti nyingine na kumwomba apange vivyo hivyo. Kabla ya hapo amemwuliza daraja ni kitu gani, leo ni siku gani ya wiki, mwenyekiti wa kijiji ni nani, na amempa dakika moja ataje wanyama wote wanaomjia akilini. Amemsomea pia maneno kumi, na baada ya muda atamwomba ayarudie yale anayoyakumbuka. Zoezi zima lina alama 15.

Kipimo hicho kinaitwa IDEA. Kilitengenezwa kwa ajili ya wazee wa Afrika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Haja yake ilitokana na vipimo vilivyokuwepo. Kipimo maarufu kuliko vyote duniani, kilichochapishwa na Folstein na wenzake mwaka 1975, kinamtaka mgonjwa aandike sentensi, anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana, na atoe saba kutoka mia moja mfululizo. Bibi aliyezaliwa kihambani miaka ya 1930, enzi ambazo wasichana wengi hawakupelekwa shule, huenda hajawahi kushika kalamu. Akishindwa mtihani huo, kilichopimwa ni shule aliyoikosa. Ubongo wake haujaguswa.

Njiti za kiberiti, lakini, kila mpishi amezishika. Ili kuiga umbo lililopangwa, jicho lione mpangilio, ubongo uushike, na mkono uutekeleze. Uwezo huo ndio ule ule unaohitajika kuchora pembetano. Wazo la kutumia vijiti badala ya kalamu lilishafanyiwa kazi na watafiti wa Ibadan, Nigeria. Kutaja wanyama kunapima jinsi mtu anavyochambua kumbukumbu zake kwa haraka. Yale maneno kumi yanagusa hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ambayo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kushambuliwa na ugonjwa wa Alzheimer. Ndiyo maana mzee mwenye ugonjwa huo anaweza kukusimulia harusi yake yote, na asikumbuke kwamba amekwisha kula mchana.

Nyuma ya njiti hizo kuna watu waliotoa sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi. Anayejulikana zaidi ni Profesa Richard Walker, daktari bingwa wa magonjwa ya wazee wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza na profesa wa Chuo Kikuu cha Newcastle, ambaye alianza utafiti wake Tanzania katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 Wizara ya Afya ilianzisha, kwa kushirikiana na chuo hicho, mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, Wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Vifo vingi vilitokea nyumbani, bila daktari. Kwa hiyo wadodosaji walikwenda kwa wafiwa, wakatoa pole, wakauliza: marehemu alianza kuugua vipi? Upande gani wa mwili ulilegea? Kauli ilipotea ghafla au kidogo kidogo? Madaktari wakayasoma majibu na kuamua chanzo cha kifo.

Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000, na yalishtua. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiwango cha vifo vya kiharusi katika maeneo yale kilizidi mara kadhaa kile cha England na Wales. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2003 hadi 2006, uliwatafuta wagonjwa wapya wakiwa hai. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 316. Na watafiti wenzao waliochunguza imani za watu kuhusu kiharusi walikuta jambo ambalo wengi wetu tusingelitarajia: mjini Dar es Salaam ndiko watu walikotaja zaidi majini na uchawi, ilhali wa Hai vijijini walitaja zaidi sababu za mwili, na walielekea zaidi kuanzia hospitali.

Sababu kubwa ya mwili ni presha. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo kuta za mishipa yake zinavyokakamaa, na damu husukumwa kwa nguvu zaidi kupita humo. Walipopimwa watu zaidi ya 2,200 wa miaka 70 na zaidi wa Hai, karibu 70 katika kila 100 walikutwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Presha haiumi, na kizunguzungu kikija, nyumbani wanasema ni uzee tu.

Maneno hayo matatu, ni uzee tu, naamini yameua wazee wengi kuliko tunavyothubutu kukiri. Kazi yote ya fani hii ya tiba ya wazee ni kutenganisha uzee na ugonjwa, na kutenganisha huko ni kugumu kuliko inavyodhaniwa, kwa maana huanza na swali la umri wenyewe. Mtu aliyezaliwa kabla ya 1940 mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Mtafiti analazimika kuujenga umri wake kwa matukio: Vita vya Pili vilipoanza ulikuwa unachunga mbuzi, au bado unabebwa? Thomas Marealle alipotawazwa kuwa Mangi Mkuu, ulishaolewa? Mwenge ulipowashwa Kibo mwaka 1961, mtoto wako wa kwanza alikuwa na miaka mingapi? Kosa la miaka mitano hapa linapotosha hesabu zote zinazofuata, kwa sababu uwezekano wa kupata ugonjwa wa kusahau huongezeka upesi sana baada ya miaka 70.

Ugonjwa wa Parkinson ulionyesha gharama ya maneno yale. Dokta Catherine Dotchin na wenzake waliratibu msako wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Hai lenye wakazi 161,071. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamegunduliwa kabla: watu waliotetemeka, waliotembea kwa kuburuta miguu, waliofungwa ndani ya miili yao kwa miaka, ilhali dawa ya levodopa imekuwepo tangu miaka ya 1960. Dawa hiyo huipa sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo malighafi ya kutengeneza dopamini, kemikali inayopungua katika ugonjwa huu. Mbegu za upupu, mmea ambao watoto wa kijijini huujua kwa muwasho wake, zina levodopa ya asili. Jaribio lililofanyika Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017, likiwa na wagonjwa 18, lilionyesha kwamba unga wa mbegu hizo unaweza kulegeza mwili kama dawa ya dukani. Asije mtu akamtwangia babu yake upupu nyumbani: kipimo kikizidi, mwili hujipinda wenyewe bila hiari.

Upande wa ugonjwa wa kusahau, kwa muda mrefu iliaminika kwamba Afrika hainao sana. Utafiti wa Ibadan wa mwaka 1995 ulipata kiwango cha asilimia 2.29 tu kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Hai ikatoa picha nyingine. Katika vijiji sita walichunguzwa watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na kiwango, baada ya kusawazishwa kwa umri, kikawa asilimia 6.4, kinachokaribiana na cha nchi tajiri.

Kwa nini hatukuwaona wagonjwa hao? Jibu moja linauma kidogo, kwa sababu linatoka kwenye lililo jema kwetu. Daktari anayetafuta ugonjwa huu huuliza kama mzee bado anafanya kazi zake za kila siku. Ulaya, mzee anayeishi peke yake akisahau kulipa bili ya umeme, siri imefichuka. Kwetu mzee hapiki, hatumwi dukani, maji ya kuoga anawekewa. Wajukuu wanamsalimu shikamoo, anaitikia marahaba, na jibu hilo halihitaji kumbukumbu yoyote. Akirudia hadithi ile ile mara tatu, adabu inatutaka tumsikilize mara zote tatu. Kwa hiyo akili yake inaweza kupungua kwa miaka kadhaa bila mtu kuona pengo, hadi usiku atakapopotea njia ya kwake mwenyewe. Naona hapa ndipo kijana wetu aliyesomea utabibu anapomzidi mgeni yeyote: anajua aulize nini badala ya bili. Je, bado anashauri kwenye kikao cha ukoo? Bado anajua nani amezaliwa na nani? Ugomvi wa mipaka ya shamba ukitokea, bado anaitwa?

Ugonjwa huo hauponi, lakini kuna la kufanya. Hai walijaribu tiba ya kuchangamsha akili, iliyobuniwa Uingereza: wazee hukutana kwa vikundi, wakiongozwa katika mazungumzo, nyimbo na michezo ya kukumbuka. Wazee 34 walishiriki vipindi 14 kwa wiki saba, na alama zao za akili zikapanda. Gharama kubwa hapo ni mtu mwenye subira aliyefunzwa.

Watu hao ni wachache. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea, na madaktari waliobobea katika magonjwa yao ni adimu mno. Mwanafunzi wa udaktari anavutwa na upasuaji au magonjwa ya watoto, kwa kuwa huko matokeo huonekana upesi. Utafiti wa uzee hutaka mtu awarudie watu wale wale mwaka baada ya mwaka, akijua kwamba baadhi hatawakuta. Ndiyo maana nafurahi kwamba kipimo cha njiti kimegeuzwa programu ya simu na kujaribiwa vijijini mikononi mwa wahudumu wa afya ambao si mabingwa.

Na tayari kuna kizazi kipya cha wazee. Dawa za kufubaza VVU zimewafikisha wengi umri ambao mwaka 1995 hakuna aliyeutarajia kwao, na mjini Moshi watafiti wamekuwa wakiwapima akili wanaohudhuria kliniki wakiwa na miaka 50 na zaidi, ili kujua kama virusi vinaharakisha usahaulifu, na kama dawa za mapema zaidi zingeuzuia. Kazi hiyo itachukua miaka mingi, na anayeianza leo akiwa na miaka 30 huenda akayasoma majibu yake siku atakapostaafu.