Jiko la Benghazi: debe, mchanga na petroli

Je, wajua kwamba mchanga unaweza kufanya kazi ya utambi? Petroli iliyomwagwa kwenye sinia tupu ikiguswa na kiberiti hulipuka kwa mwali mrefu, ikaisha kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Petroli ileile ikikorogwa na mchanga hutulia. Huwaka chini chini, kwa muda wa kutosha kuchemsha chai na kupasha moto nyama ya kopo. Kwa ugunduzi huo, ambao hauna jina la mgunduzi, maelfu ya askari wa Uingereza na washirika wake walipika chakula chao katika jangwa la Misri na Libya kati ya mwaka 1940 na 1943. Kifaa chenyewe walikiita jiko la Benghazi, kwa jina la mji wa bandari ambao kuanzia Februari 1941 hadi Novemba 1942 ulitekwa na kutekwa tena mara tano.

Jangwani kule hakuna kuni. Kuna mawe, mchanga, upepo, na usiku wenye baridi inayoingia mifupani. Lakini jeshi linalotembea kwa malori na vifaru halikosi vitu viwili: petroli, na vyombo vya kubebea petroli. Chombo cha Waingereza kilikuwa debe la bati la galoni nne, yaani lita 18 hivi. Bati lilikuwa jembamba, maungio yake dhaifu, na lori likirukaruka kwenye njia ya mawe kwa siku nzima, madebe yalipasuka na petroli ikavuja. Wakubwa wa jeshi lenyewe walikadiria kwamba hadi asilimia 30 ya mafuta ilipotea kati ya bohari na mtumiaji. Ulikuwa uzembe mkubwa wa kiwandani, na ulihatarisha maisha ya watu. Ila kwa mpishi debe bovu lilikuwa neema: lilikuwa limetapakaa kila mahali, halina mwenyewe, na hukatika kwa kisu.

Utengenezaji wake ulikuwa mwepesi. Debe moja lilikatwa katikati, likatobolewa matundu ubavuni, karibu na ukingo wa juu, ili hewa ipite. Likajazwa mchanga hadi nusu, ikamiminwa petroli, ikakorogwa kwa kijiti mpaka mchanga ukawa kama uji mzito. Nusu nyingine, au debe jingine zima, ikawekwa waya wa kushikia na kuwa sufuria. Mtu akasogea upande unakotoka upepo, akarusha kiberiti kilichowaka. Moto ulipoanza kufifia, aliuchokoa mchanga kwa kijiti kirefu, na petroli ya chini ikapanda.

Sasa tutazame kinachotokea ndani. Petroli ya majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake. Kwenye sinia tupu, uso wote wa petroli uko wazi, na joto la mwali huushukia moja kwa moja. Joto likizidi, mvuke unazidi. Mvuke ukizidi, mwali unakua na kuongeza joto. Mchanga huuvunja mzunguko huo. Petroli hujificha katika vijinafasi kati ya chembe, na ni tabaka la juu tu linalokutana na hewa. Tabaka hilo likikauka, huwa kizuizi, maana mchanga mkavu hupitisha joto polepole mno, kwa hiyo petroli iliyo chini haichemki yote kwa pamoja. Hapohapo, nafasi zile nyembamba huivuta petroli kupanda juu, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Mchanga hauongezi hata chembe ya nishati. Kazi yake yote ni kuuchelewesha mvuke, na kwangu mimi huo ndio uzuri wa jiko hili: kitu kilichodhaniwa hakina faida yoyote jangwani ndicho kilichoifuga petroli.

Je, lilikula mafuta kiasi gani? Tupige hesabu. Kuchemsha lita nne za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji nishati ya megajuli 1.3 hivi. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi. Kwa hiyo, kama joto lote lingeingia kwenye maji, vijiko vichache vya petroli vingetosha. Lakini jiko la wazi kwenye upepo hupoteza sehemu kubwa. Tukichukulia kwamba sehemu moja kati ya kumi ndiyo iliyofika kwenye sufuria, lita nne hizo zilikula petroli karibu lita 0.4. Ni hasara, ndiyo. Lakini asilimia 30 ya debe la lita 18 ni zaidi ya lita tano, yaani chai ya mara kumi na tatu iliyonywewa na barabara.

Wajerumani, adui zao jangwani, walikuwa na dawa ya uvujaji huo tangu 1937: kopo la chuma la lita 20, lililoundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa mshono mmoja, lenye mishikio mitatu, kifuniko cha kubana kisichohitaji spana, na mfuko wa hewa unaolifanya lielee majini hata likiwa limejaa. Waingereza waliyaokota makopo hayo kila walipoyateka, kisha wakaanza kuyaiga. Kopo hilo ndilo babu wa kila jerikeni unaloliona leo. Kopo la namna hiyo nani alikate liwe jiko?

Kwa watu wa Afrika Mashariki waliokuwa kule, na walikuwako, maana vikosi vya kazi vya jeshi kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika vilipelekwa Mashariki ya Kati, debe halikuwa kitu kigeni. Madebe ya aina hiyo yalikuwa yamefika pwani kwa meli miaka mingi kabla, mawili mawili kwenye sanduku la mbao, yakiwa na mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, debe lilichotewa maji, likapimiwa mahindi sokoni, likafuliwa na kuezekewa nyumba. Na likawa jiko pia: hadi leo wapo wanaoshindilia vumbi la mbao ndani ya debe au ndoo ya bati kuzunguka chupa, wakaichomoa chupa ili libaki tundu la katikati, wakawasha moto kutoka tundu la chini ubavuni. Vumbi likishindiliwa sawasawa huungua taratibu kwa saa nyingi bila kuchochewa. Hapa pia ujuzi wote uko katika kuuchelewesha moto.

Usilijaribu jiko la Benghazi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Kosa baya kuliko yote ni kuongeza petroli kwenye mchanga wa moto unaoonekana umezimika, kwa sababu moto hupanda kwa mkondo unaomiminika hadi mkononi. Na ndani ya hema, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi huua bila harufu. Kwa anayepiga kambi leo akakosa jiko la gesi, mafiga matatu na vijiti vikavu ni salama zaidi.

Wanajeshi wenyewe walikuwa na sababu nyingine ya kuliogopa jiko la Benghazi. Moshi wake ulionekana mbali mchana na mwali wake ulionekana mbali zaidi usiku, na ili kuchemsha chai wahudumu wa kifaru walilazimika kutoka nje, mbali na chuma kinachowakinga. Kifaru cha Uingereza cha Centurion kilipotoka kiwandani mwaka 1945, ndani yake kilikuwa kimefungwa chombo cha umeme cha kuchemshia maji na kupashia makopo ya chakula. Vifaru vya Uingereza vilivyofuata, hadi Challenger 2, vimeendelea kuwa nacho.