Mwenye Taabu Ndiye Anayejua Panapouma



Mara nyingi mtu mwenye huzuni anabisha mlangoni mwetu, na mbele ya kumaliza neno lake la kwanza, sisi tumekwisha kumpa shauri. Mimi vilevile. Mjane mmoja alinijia, nikamwambia maneno mengi ya uvumilivu. Akajibu: «Aksanti, Padri», akaenda. Halafu nikasikia kwa wengine ya kuwa ndugu za marehemu walitaka kumfukuza nyumbani, yeye na watoto. Sikumwuliza neno.

Kuna mtu mwenye elimu aliyeanguka hivyo, akajifunza. Ni Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, Marekani. Katika ujana wake aliingia seminari ya Waprotestanti kule New York, kisha akaiacha juu ya kusoma psikolojia, ni kusema elimu ya mambo ya moyoni na akilini. Toka mwaka 1928 alitumika mjini Rochester, akisaidia watoto wenye matata.

Mama mmoja alimjia juu ya mtoto wake mtundu. Rogers alifikiri kwamba amekwisha kuona chanzo: mama alikuwa amemkataa mtoto tangu udogo wake. Alijaribu mara nyingi kumwonyesha jambo lile kwa upole, lakini bure. Mwisho wakapatana kuacha. Mama alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama pale wanasaidia watu wakubwa pia. Akarudi kitini, akaanza kumwaga taabu za ndoa yake. Siku ile msaada wa kweli ulianza.

Rogers alielewa hivi: mwenye taabu ndiye anayejua panapouma. Mwaka 1957 aliandika masharti ya msaada wa namna hii. Makubwa kwa upande wa msaidizi ni matatu:

1. Ukweli. Msaidizi asionyeshe uso mmoja na kuficha mwingine moyoni.

2. Heshima. Ampokee mtu jinsi alivyo. Si kusema kosa ni jema, ila mtu hatupwi juu ya kosa lake.

3. Kuingia katika huzuni ya mwenzake kana kwamba ni yake mwenyewe, pasipo kusahau ya kuwa si yake. Umrudishie uliyosikia: «Mama, naona unaogopa kufukuzwa kuliko upweke. Ni hivyo?» Ukikosa, atakusahihisha, na hapo utajua zaidi.

Lakini tuangalie. Anayetaka kujiua, au aliyepotewa na akili, tumfikishe kwa mganga wa hospitali bila kukawia, wala tusimwache peke yake. Tena Maungamo ni jambo lingine, yana sheria yake na siri yake.

Mimi nilirudi kwa yule mjane. Niliomba kwanza anisamehe, nikamwuliza: «Mama, nini inakulemea?» Kisha nikanyamaza. Alisema mpaka jua likashuka. Shauri la kumpa sikuwa nalo bado, lakini kesho yake yeye mwenyewe alikuja kuniomba tuende pamoja kwa wazee wa ukoo.