Msindano Uliovuka Mpaka wa Shamba

Katika nchi ya Buha, kuanzia Kasulu hadi Murungu wilayani Kibondo, kwenye vilima vya nyasi na misitu ya miombo na mininga, msindano ni mgeni. Wala si huko peke yake, maana kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna msindano hata mmoja wa asili, na huu upandwao sana Tanzania kwa ajili ya mbao, ambao wataalamu huuita Pinus patula, umetoka milima ya Meksiko.

Kuutambua si kazi ngumu. Majani yake ni membamba mfano wa nyuzi, urefu wake sentimita 15 hadi 25, hutoka matatu matatu katika ala moja, nayo huning'inia; gome la sehemu ya juu ya shina ni jekundu na hubambuka, na koni zake ngumu hushikamana na tawi mafungu mafungu kwa miaka kadhaa. Watu wa pwani aghalabu hudhani ni mvinje, walakini kijiti cha mvinje kina pingili, na ukikivuta hukatikia pingilini.

Hatari imo ndani ya zile koni. Jua kali au moto wa nyika huzifungua, mbegu zenye bawa zikachukuliwa na upepo hadi penye nyasi fupi na mwanga tele, zikaota pasipo kupandwa na mtu. Ndivyo ulivyoenea Mlima Mulanje huko Malawi na milima ya Nyanga huko Zimbabwe.

Taathira iliyo kubwa kupita zote, kwa maoni yangu, ni ya maji, kwa sababu msindano hunywa mwaka mzima, hata kiangazi ambapo nyasi zimekauka. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, ulipopandwa katika bonde dogo la nyasi ili upimwe, kijito chake kilikauka kabisa mwaka wa 12. Nami nikikumbuka kwamba vijito vya Kibondo na Kasulu hulisha Mto Malagarasi na mabonde oevu yake, yaliyoandikishwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, siwezi kulipuuza jambo hili. Wafuga nyuki nao wana hasara yao, kwani chavua ya msindano huchukuliwa na upepo, wala mti huo hautoi mbochi, hivyo kila mwombo unaosongwa nao huipunguza asali mzingani.

Mbao zake zina faida, wala siwaombi wenye mashamba waing'oe misindano yao. Lakini ule uliojiotea nje ya shamba, hasa ukingoni mwa kijito, yafaa ung'olewe ungali mche, ardhi ikiwa laini kwa mvua, na uliokwisha kuwa mti ukatwe chini ya tawi la mwisho lenye majani, kabla koni hazijakomaa, kwani kisiki chake, tofauti na cha mkaratusi, hakichipui tena.