Trufi: Uyoga Ghali Uotao Chini ya Ardhi

Uyoga si kitu kigeni kwa wakazi wa Rangwi na milima yote ya Usambara. Mvua zinyeshapo, huchipua penye vichuguu, juu ya magogo yaliyooza na chini ya misindano, ambayo wengi huiita mipaina. Lakini uyoga ulio miongoni mwa vyakula ghali kuliko vyote duniani hauchomozi juu ya ardhi hata kidogo. Huo huitwa trufi. Kwa kuwa wanachama wa vyama vya ushirika hutafuta zao la kuongezea mapato ya viazi, kabichi na maharage, yafaa wafahamu jinsi trufi iotavyo, na kwa nini si kila uyoga wenye bei nzuri waweza kulimwa na chama.

TRUFI NI NINI

Kwa umbo, trufi hufanana na kiazi kidogo chenye ngozi ya kukwaruza au laini. Hukaa udongoni, aghalabu kina cha sentimeta 5 hadi 30. Zilizo mashuhuri ni mbili: trufi nyeusi ya Périgord nchini Ufaransa, na trufi nyeupe ya Alba nchini Italia. Hailiwi kwa ajili ya kushiba. Hukatwa vipande vyembamba mno na kunyunyizwa juu ya mayai, wali au tambi, na kinacholipiwa hasa ni harufu yake. Mwaka 2007 trufi nyeupe moja yenye uzito wa kilo 1.5 iliuzwa mnadani kwa dola 330,000 za Marekani. Huo ulikuwa mnada wa hisani, na bei ya kawaida sokoni ni ndogo sana kuliko hiyo; hata hivyo wanunuzi huipima kwa gramu.

Harufu hiyo ina kazi yake. Uyoga wa kawaida hufungua mwavuli, na upepo huchukua vimbegu vyake. Trufi haina upepo huko iliko, kwa hiyo huwaita wanyama kwa harufu. Wanyama huifukua, huila, kisha huvitawanya vimbegu katika kinyesi chao. Zamani watu wa Ulaya waliwatumia nguruwe kuitafuta, lakini nguruwe hupenda kuila na huvuruga ardhi, na Italia iliwapiga marufuku mwaka 1985. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mbwa waliofunzwa.

Afrika na Uarabuni pia kuna trufi, ila ni za jamii nyingine. Katika nchi za Ghuba huchimbwa jangwani baada ya mvua, karibu na vichaka vidogo, na Waarabu huzithamini sana. Wakazi wa Kalahari nao wamezila tangu zamani.

USHIRIKA WA KUVU NA MZIZI

Uyoga tuuonao ni kama tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu ni nyuzi nyembamba zilizotandaa udongoni. Kuvu haina rangi ya kijani, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua. Nyuzi za trufi huzungushia ncha za mizizi ya miti iliyo hai, kama vile mwaloni. Mti huipa kuvu sukari, na kuvu huupa mti maji na madini ambayo mizizi peke yake isingeyafikia. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, aliueleza ushirika huo na kuupa jina la kitaalamu. Serikali ya Prussia ilikuwa imemwagiza atafute njia ya kulima trufi.

Mfano wa jambo hilo uko karibu. Misindano iliyopandwa katika msitu wa Shume asili yake si Afrika. Aina moja yake ilitoka Meksiko. Miche ya misindano isiyopata kuvu yake hudumaa na kuwa ya manjano. Ndiyo maana watunza vitalu wamezoea kuchanganya udongo wa kitalu na udongo uliochukuliwa chini ya misindano mizee. Udongo huo hubeba kuvu.

KWA NINI TRUFI HAIFAI USAMBARA

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa Joseph Talon alipanda mbegu za mwaloni zilizookotwa chini ya miti yenye trufi, na baada ya miaka akavuna trufi chini ya miti hiyo michanga. Tangu miaka ya 1970 miche yenye kuvu tayari mizizini imekuwa ikiuzwa. New Zealand ilivuna trufi nyeusi ya kwanza mwaka 1993. Lakini mkulima hungoja miaka mitano hadi kumi au zaidi, na wengine hawavuni kitu. Isitoshe, trufi nyeusi hutaka udongo wenye chokaa nyingi na majira ya baridi kali. Udongo wa milima ya Usambara kwa sehemu kubwa una asidi, na majira ya namna hiyo hayapo. Hata mkulo wa misitu ya asili hushirikiana na kuvu ya namna nyingine, isiyozaa trufi.

SWALI LA KUULIZA KWANZA

Kabla chama hakijatoa fedha kwa ajili ya uyoga wowote, katibu hana budi kuuliza: uyoga huu hula nini? Upo uletao uhusiano na mizizi hai, kama trufi na uyoga mwingi wa miombo. Huo haulimwi bila mti wake. Upo wa vichuguu, ambao mkulima wake ni mchwa. Na upo ulao mabaki ya mimea iliyokufa, kama uyoga mamama. Huu wa tatu ndio ufaao kulimwa nyumbani, kwa mabua, majani makavu ya migomba au maganda ya maharage. Mabaki hukatwakatwa, hulowekwa, huchemshwa ili kuua vijidudu, hupozwa, ndipo hutiwa mbegu safi katika mifuko na kuwekwa gizani. Baada ya wiki chache uyoga huanza kuchipua.

Uyoga mbichi huharibika kwa siku chache. Kwa hiyo chama kipate mnunuzi kwanza, na kiwe na mahali pa kuukausha nyakati ambazo barabara hazipitiki. Ni vema kuanza na mifuko michache na kuandika gharama zote.

Uyoga wa mwituni usipokelewe ghalani kwa kuuzwa bila mtu aujuaye kwa hakika. Ule uuao hauondolewi sumu kwa kupikwa, na dalili zake huweza kuchelewa hadi baada ya saa sita au zaidi. Aliyekula na kushikwa na tumbo apelekwe hospitali mara moja, pamoja na masalio ya uyoga huo.

Akitokea mchuuzi wa mbegu za trufi za kupanda kama maharage, aulizwe zitaishi na mizizi ya mti gani, katika udongo upi, na nani amekwisha kuvuna katika milima hii. Majibu yake yaandikwe, yasomwe mbele ya mkutano wa wanachama, na fedha zisitoke kabla ya hapo.