Kuchagua Viatu vya Kutembea Wakati wa Kiangazi

Nchi ya Rungwe ni nchi ya mvua. Mji wa Tukuyu, ulio mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini mwezi wa Juni ukifika mvua hupungua, na kiangazi huanza. Asubuhi huwa na baridi, na umande hutanda katika majani ya migomba. Adhuhuri jua huwaka, na vumbi huruka katika njia za udongo. Huo ndio wakati wa safari za miguu. Shule zikifungwa, wavulana na wasichana huenda kuwaamkia babu na bibi zao, huenda sokoni, huenda kulitazama Daraja la Mungu katika mto Kiwira, au hupanda msituni mpaka Ziwa Ngozi. Tena huo ndio wakati ambapo kijana hutamani viatu vipya.

Kutamani kitu kizuri si kosa. Kijana aliyefika umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne hupenda kuonekana nadhifu mbele ya wenzake, na hiyo ni desturi ya vijana wa nchi zote. Lakini kiatu si kama kofia. Kofia isipofaa, mtu huivua akaichukua mkononi, na safari yake yaendelea. Kiatu kisipofaa, safari yote huharibika. Na kikivaliwa siku nyingi, hata mguu wenyewe huharibika. Basi yafaa kujua namna ya kukichagua.

Mfano wake ni kama vijana wawili waliopewa fedha na wazazi wao wakanunue viatu. Wa kwanza aliona viatu vyeusi vya kung'aa, vyembamba, vyenye ncha mbele. Akavijaribu hali ameketi, akasema, "Vyanibana kidogo, lakini vitatanuka." Wa pili alishika raba za kitambaa zenye soli nene. Akazivaa zote mbili, akafunga kamba, akatembea huko na huko, akachuchumaa, akasimama juu ya vidole, ndipo alipolipa. Siku ya pili walishika njia ya kushuka kwenda kwa shangazi yao katika nchi ya chini. Walipotoka mjini watu walimtazama yule wa kwanza, naye akafurahi. Lakini kabla ya adhuhuri alikuwa ameketi kando ya njia, viatu mkononi, na malengelenge yamepasuka katika visigino vyake. Mwenziwe akamwambia, "Pole, ndugu yangu. Nyosha miguu kwanza, tutakwenda polepole." Wakafika usiku, na yule wa kwanza alikuwa akichechemea.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Katika mguu mmoja wa mtu, chini ya kifundo, mna mifupa 26. Mtu akikanyaga, uzito wa mwili hushukia kisigino kwanza, kisha hupita upande wa nje wa unyayo, hata kufika chini ya vidole. Hapo vidole hujitandaza, vikausukuma mwili mbele. Basi vidole vikibanwa pamoja haviwezi kufanya kazi yake, na mtu huchoka upesi. Tena, mtu atembeapo saa nyingi juani miguu yake huvimba kidogo. Kwa hiyo kiatu kilichofaa asubuhi chaweza kubana alasiri. Na mtu akishuka mlima, mguu huteleza mbele ndani ya kiatu kila hatua. Kutoka Tukuyu mpaka ufuo wa Ziwa Nyasa, ulioinuka mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari, nchi yashuka kiasi cha mita 1,000. Asiye na nafasi mbele ya vidole vyake atagonga kucha zake njia nzima.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba mguu wa kijana haujamaliza kukua. Mifupa yake bado haijawa migumu kama ya mtu mzima, nayo hulifuata umbo la kiatu, kama vile mche uliofungwa kwenye kijiti kilichopotoka unavyokua umepotoka. Wazee husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii husemwa katika malezi ya watoto, lakini hata katika mifupa ya miguu ni kweli, kwa wema na kwa ubaya.

Watu wa Ulaya walijifunza haya kwa kuumia. Katika karne ya 14 na ya 15 palikuwa na desturi ya kuvaa viatu vyenye ncha ndefu mno mbele. Katika nchi ya Uingereza ncha hizo zilirefuka hata mwaka 1463, wakati wa Mfalme Edward wa Nne, ilitolewa sheria kwamba mtu asiye na cheo cha ubwana asivae kiatu chenye ncha inayozidi inchi mbili. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa habari za mifupa ya watu 177 waliozikwa zamani katika mji huo na kando yake. Walitafuta ugonjwa mmoja wa mguu, ambao kiungo cha kidole gumba hutokeza nje, na kidole chenyewe huyalalia mengine. Miongoni mwa watu waliokufa kati ya karne ya 11 na ya 13, kabla ya desturi ile kuenea, waliokuwa na ugonjwa huo walikuwa kama 6 katika kila 100. Miongoni mwa watu wa karne ya 14 na ya 15 walikuwa 27 katika kila 100. Tena wazee waliokuwa na ugonjwa huo walionekana kuwa na mifupa iliyovunjika kwa kuanguka kuliko wenzao. Mtindo wenyewe ulipita, lakini waliouvaa walichukua alama yake mpaka kaburini.

Basi kijana atakayekwenda dukani au sokoni ayafuate mambo haya.

Kwanza, aende alasiri, baada ya miguu yake kufanya kazi ya mchana, maana wakati huo imetanuka.

Pili, kabla ya kuondoka nyumbani, asimame miguu mitupu juu ya karatasi, na mtu mwingine amchoree umbo la kila mguu kwa kalamu ya risasi. Asimame, wala asiketi, maana mguu uliobeba mwili hutanda. Miguu miwili ya mtu mmoja mara nyingi hailingani. Basi kiatu kichaguliwe kwa kuufuata ule mkubwa. Dukani aweke kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza nje ya soli, kiatu hicho ni chembamba, hata kikiwa kizuri namna gani.

Tatu, asiitegemee namba iliyoandikwa ndani. Waingereza huhesabu namba zao kwa theluthi ya inchi, nao watu wa bara la Ulaya huhesabu kwa theluthi mbili za sentimita. Tena kila kiwanda kina kalibu zake. Namba ni mwanzo wa kutafuta tu. Mguu ndio utakaoamua.

Nne, avivae viatu vyote viwili na soksi zile atakazozivaa safarini, afunge kamba, asimame. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kuchezacheza. Kisigino kikae imara, kisipande na kushuka anapotembea, kwa kuwa kisigino kinachosuguliwa ndicho kinachotoa malengelenge.

Tano, akipinde kiatu kwa mikono. Kiatu kizuri cha kutembea hupindika mahali vidole vinapopindika, wala si katikati. Kisichopindika kabisa humchosha mtu. Kinachopindika kila mahali kama kitambaa hakimsaidii.

Sita, aitazame soli. Njia za Rungwe, hata wakati wa kiangazi, zina utelezi msituni na penye chemchemi. Soli iwe na meno ya kushika udongo, na unene wa kuzuia ncha za mawe.

Tena kuna aina nyingi za viatu, na kila aina ina mahali pake. Kiatu cha ngozi laini hupitisha hewa kidogo, nacho hudumu miaka mingi kikitunzwa. Lakini ni kizito, na bei yake ni kubwa. Raba za kitambaa ni nyepesi, hupitisha hewa, na zikilowa hukauka upesi. Kwa safari nyingi za kiangazi zafaa sana. Katambuga, zinazokatwa katika magurudumu ya magari yaliyokwisha kazi, hazichakai upesi, wala bei yake si ghali. Ila mikanda yake ni migumu, na mwenye kuzivaa mara ya kwanza azizoeze miguu kidogo kidogo. Kandambili zafaa nyumbani na bafuni, lakini hazishiki kisigino, na penye mteremko huponyoka. Viatu vya plastiki havipitishi hewa, na jasho likikaa ndani ngozi hulainika ikachubuka. Viatu vya mchuchumio huutupa uzito wote juu ya vidole. Msichana aweza kuvivaa kwa saa moja au mbili za sherehe, lakini si kwa kupanda na kushuka milima.

Viatu vingi sokoni ni mitumba. Havina aibu, na mara nyingine huwa imara kuliko vipya. Lakini mnunuzi avipindue atazame visigino. Soli iliyolika upande mmoja imekwisha kufuata mwendo wa mtu mwingine, nayo itampotosha mwenye kuivaa sasa. Aingize mkono ndani apapase kama pana mishono iliyochomoza. Akifika nyumbani avisafishe kwa sabuni, avikaushe vizuri, maana fangasi wa miguu huweza kuhama pamoja na kiatu.

Labda mtu atasema, "Ikiwa viatu vyaleta taabu hivi, si heri miguu mitupu?" Ni kweli kwamba mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia mbio ndefu za maratoni bila viatu, akashinda kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Lakini kisa chake chafundisha jambo jingine. Viatu vipya alivyopata havikumkalia vema, naye alikuwa amezoea kukimbia bila viatu, basi alivikataa. Mwaka 1964 mjini Tokyo alikuwa na viatu vinavyomfaa, akashinda tena kwa muda mfupi kuliko ule wa kwanza. Hakuvichukia viatu, alivikataa vile visivyomfaa.

Tena udongo una adui zake. Safura hutokana na minyoo midogo mno inayopenya ngozi ya mguu mtu akikanyaga udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa choo. Funza nao huingia katika vidole; walienea Afrika baada ya meli iliyotoka Brazili kuwaleta Angola mwaka 1872. Na katika nchi za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, kama Ethiopia na Kameruni, wako watu waliovimba miguu kama wenye matende kwa kutembea miguu mitupu miaka mingi, kwa sababu chembe za udongo huo huingia ndani ya ngozi. Udongo wa Rungwe nao umetokana na volkano. Kiatu na maji ya kunawa ni ngao ya mguu.

Kiatu kikiisha nunuliwa, kisianze kazi siku ya safari. Kivaliwe kwanza nyumbani kwa saa moja, kesho yake saa mbili, hata kizoeane na mguu. Kikilowa, kijazwe karatasi kuukuu na kuwekwa kivulini penye upepo; kisiwekwe karibu na moto, maana ngozi hukakamaa ikapasuka. Soksi zifuliwe kila zikivaliwa, na kucha zikatwe.

Na uzuri je? Uzuri hautupwi. Vikiisha patikana viatu viwili au vitatu vinavyoukalia mguu sawasawa, hapo ndipo jicho hupewa ruhusa kuchagua rangi na umbo. Kiatu kilichopigwa brashi, chenye kamba zilizofungwa vema, na mwenye kukivaa anayekwenda wima bila kuchechemea, hivyo ni unadhifu unaoonekana toka mbali. Lakini anayechagua kwa jicho peke yake hukutana na methali isemayo, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Yule kijana wa kwanza alikaa kwa shangazi yake siku nne mpaka vidonda vikakauka. Aliporudi Tukuyu alikuja na kandambili za shangazi miguuni, polepole, akivichukua viatu vyake vya kung'aa mkononi. Siku ya soko alirudi pale alipovinunua, akavibadilisha kwa hasara. Safari hii alikuwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni, na ndani yake umechorwa mguu wake.